Bibi wa Nyikani na Mlezi Wake

Katika nyika za kusini mwa Kazakhstan, yapata kilomita 18 magharibi ya mji wa Taraz, wamezikwa wanawake wawili jirani kwa jirani, na juu ya kila mmoja limejengwa kuba. Moja ni la Aisha Bibi, la pili ni la Babaji Khatun. Wataalamu huyakadiria kuwa ya karne ya 11 au 12, zama za utawala wa Waislamu wa Karakhani.

Wenyeji husimulia kwamba Aisha alipendana na mtawala wa Taraz, babake akakataa, naye akatoroka pamoja na mlezi wake Babaji. Walipokaribia mji akashuka mtoni kuoga na kujipamba. Nyoka akamuuma. Wapo wasemao kuwa mtawala aliwahi kumwoa kabla roho haijamtoka, ndipo akaitwa Bibi. Neno ambalo, wasomaji wetu, halihitaji mkalimani Lamu wala Mombasa.

Hatumkatalii mtu hadithi yake, ila kuta nazo zina usemi wao. Kuba la Aisha limevikwa vigae vya udongo wa kuchoma vyenye nakshi za namna zaidi ya 60, hata hapana pa kuweka kidole pasipo pambo. Lakini ni ukuta wa magharibi tu uliotufikia karibu mzima. Zama za Kisovieti ulikingwa kwa kioo. Kisha, mwaka 2002, jengo likakamilishwa kwa vigae vipya vilivyoiga vya kale. Limependeza, twakiri. Hata hivyo mgeni asiyeelezwa hudhani yote ni kazi ya fundi wa kwanza, na huko twaona ni kumdhulumu fundi huyo. Maharusi nao humiminika hapo kutafuta baraka, ilhali marehemu ndiye mwenye haja ya dua zetu.

Kuba la Babaji halina mapambo hayo. Paa lake limechongoka kwa mbavu 16, mfano wa mwavuli uliofunguliwa nusu, na kuta zake ni za matofali matupu. Ila usoni mwake pana maandishi, na waliochunguza jengo wakayasoma: hili ni kaburi la Babaji Khatun. Jina la bibi arusi limebebwa na vinywa vya watu. La mlezi limo katika jengo lenyewe. Na khatun hakuwa mtumishi. Kwa watu wa nyika zile, hicho kilikuwa cheo cha mwanamke wa ukoo mtukufu.