Kukosa Tunasamehe, Kutojaribu Zii

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu nyinyi mashabiki wa James Harden mje na mawe yenu.

Mei 2022. Philadelphia 76ers na Miami Heat, mechi ya sita. Sixers wako nyuma 3-2, wakipoteza msimu umeisha. Huku kwetu ni saa nane usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Nimenunua bando, niko chini ya blanketi, sauti ya simu iko chini kabisa ndio nisiamshe watu. Joel Embiid anacheza na barakoa kwa sababu amevunjika mfupa karibu na jicho, na kidole gumba nacho kimeharibika. Danny Green ametolewa mapema, goti limeenda. Kila mtu anangoja Harden achukue mpira.

Kipindi cha pili chote, Harden alirusha mara 2. Mbili! Pointi za kipindi hicho: sufuri. Zile 11 alizomaliza nazo zote alifunga kabla ya mapumziko. Sixers wakalala 99-90. Msee wa zaidi ya dola milioni 44 kwa msimu alizima kama stima za mtaa wetu mvua ikinyesha.

Sasa, kabla uniambie sijui basketi, nisikize. Silalamiki ati alikosa. Kukosa ni sehemu ya mchezo. Na nitakupa ushahidi kutoka kwa Harden huyo huyo.

2021, akiwa Brooklyn Nets, aliumia msuli wa nyuma ya paja mwanzoni kabisa mwa mechi ya kwanza dhidi ya Milwaukee Bucks. Akarudi mechi ya tano akichechemea. Dakika 46 uwanjani, akarusha mara 10, ikaingia 1. Umeona mimi nikimtusi? Hapana. Mechi ya saba ikaenda muda wa ziada, akacheza dakika zote 53 na huo mguu mbovu. Wakapoteza, lakini niliweka simu chini nikasema huyu ni mwanaume. 1 kati ya 10, na bado heshima iko. Kwa sababu alikuwa anajaribu.

Sasa linganisha na 2023. Sixers na Boston Celtics. Mechi ya kwanza Embiid hayuko, Harden anafunga 45. Mechi ya nne anafunga 42 na kumaliza mechi yeye mwenyewe. Sixers wanaongoza 3-2, tunaanza kuota. Halafu mechi ya saba: pointi 9, akirusha 11 na kuingiza 3. Boston wakashinda 112-88, na Jayson Tatum peke yake akafunga 51.

Haya, tuseme Philadelphia ndiyo ilikuwa na mkosi. Mei 2025 yuko Los Angeles Clippers, mechi ya saba dhidi ya Denver Nuggets. Akarusha mara 8 tu. Pointi 7. Wakachapwa 120-101.

Najua mtasema nini. "Lakini alitoa asisti 13 hiyo siku." Sawa, alitoa. Lakini fikiria kidogo. Asisti za Harden zilikuwa hatari kwa sababu ya nini? Kwa sababu kila mtu alimwogopa akirusha. Huyu ni msee aliyefunga wastani wa pointi 36.1 kwa mechi msimu mzima wa 2018-19. Ilibidi watu wawili wamkimbilie, mwenzake akabaki peke yake. Sasa anayekukaba akishajua leo hurushi, anakuja kukukaba kwa nini? Anarudi nyuma, anangoja pasi. Kukataa kurusha kunaua hata hizo pasi unazomsifia.

Wengine watasema amechoka, amebeba timu miaka mingi. Embiid na uso uliovunjika je? Yeye hakuwa amechoka?

Mimi sidhani Harden ni mvivu. Mvivu hafungi 45 ugenini Boston. Nadhani ni kitu kibaya zaidi ya uvivu. Ukirusha ukakosa, lawama ni yako. Ukitoa pasi mwenzako akakosa, lawama ni yake, na wewe unahesabiwa kama mtu wa timu. Ni njia safi sana ya kujificha mbele ya watu elfu ishirini.

Najua kwa sababu nimeifanya. Korti ya mtaa, Jumamosi, pointi moja imebaki, mpira uko kwangu na niko wazi. Nikampa kijana mdogo kuliko sisi wote, amesimama pembeni, hajui hata mpira unakuja. Akakosa. Wasee wakamfokea yeye. Mimi nikanyamaza, nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Hiyo aibu bado ninayo, na mimi sikuwa nalipwa hata bob.

Ndio maana inaniuma. Yule kijana bado anakuja kortini, na siku hizi akipata mpira akiwa wazi, anautoa haraka kama umemchoma. Sisi ndio tulimfunza. Na akienda kutazama mastaa usiku, anaona staa akifanya vile vile na watu wakiita busara.

Kwa hivyo msiniletee tuzo ya mchezaji bora ya 2018. Aliistahili, siibishi. Mimi nadai kitu kidogo tu: mechi ya mwisho, kipindi cha pili, rusha. Kosa mara 15 ukitaka. Nitaamka saa nane, nitaenda kazini na macho mekundu, na sitasema neno.