Kurasa Sita Zilizokosekana

Katika muhula huu nimesoma vitabu viwili na kutazama filamu moja, na nia yangu ni kuwasimulia wasomaji niliyoyapata humo. Bali siwezi kuyasimulia kwa haki bila ya kuungama kosa langu kwanza, kwa sababu filamu ile ndiyo iliyonifunulia ukubwa wa kosa lenyewe.

Kitabu cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichopigwa chapa mwaka 1960. Bwana Ali Bomani ameuawa, na jina la mahali alipokutwa latosha kumtia mtu hofu. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mkononi, haendeshwi na hofu. Yeye hutazama, huuliza, tena hupima neno la kila mtu kabla ya kulikubali. Nilikisoma kwa siku tatu, na kila usiku taa za bweni zilizimwa nami sijashiba. Ni kitabu kinachomfundisha kijana kwamba jambo la ajabu lina sababu yake, na sababu hutafutwa kwa akili.

Sasa nitaje kosa. Kitabu hicho nilikiazima katika kabati la maktaba yetu. Badala ya kukirudisha nilimpa rafiki yangu, naye akampa mwingine. Kiliponirudia, kurasa sita za mwisho hazikuwamo. Nilikirudisha kabatini kimya kimya, nikajisemea kwamba si mimi niliyezichana.

Baada ya majuma mawili alinijia mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza. Akaniamkia, kisha akasema, "Kaka, katika daftari la maktaba jina lako liko juu ya langu. Kurasa za mwisho ziko wapi?" Nilitaka kumaliza maneno kwa kumtajia muuaji. Akaziba masikio yake kwa mikono miwili. "La, kaka, usinitajie! Nataka kusoma mwenyewe." Nilikosa jibu.

Haukupita muda mwalimu wa maktaba akavikagua vitabu, akaona kwamba vingi vimechanwa. Kabati likatiwa kufuli, likawa linafunguliwa siku ya Ijumaa tu. Wanafunzi tulinung'unika sana, na katika walionung'unika kwa sauti kubwa, mmoja ni mimi.

Basi Jumamosi moja tulionyeshwa filamu bwaloni. Jina lake ni The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza nafasi ya baba. Ni habari ya kweli ya William Kamkwamba, kijana wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, katika nchi jirani ya Malawi. Njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002 iliwafilisi wazazi wake, akatolewa shuleni kwa kukosa karo. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini, akakuta kitabu cha Kimarekani kuhusu matumizi ya nishati, ambacho jalada lake lina picha ya vinu vya upepo. Kwa vipande vya baiskeli, mabomba ya plastiki na vyuma alivyookota jalalani, akajenga kinu chake. Wanafunzi walipiga makofi mpaka meza zikatikisika.

Mwalimu wetu wa fizikia aliponiona nimeguswa, aliniazima kitabu alichoandika Kamkwamba mwenyewe pamoja na Bryan Mealer, kilichotoka mwaka 2009. Nilikisoma na kamusi kando. Humo nikaona kwamba filamu na kitabu havisemi sawasawa. Katika filamu kinu kinavuta maji na kuiokoa familia wakati wa njaa. Katika kitabu njaa ilikuwa imekwisha pita, na kinu cha kwanza kiliwasha taa moja ndogo. Kazi ya maji ilikuja baadaye. Tena dinamo haikupatikana kwa miujiza: rafiki yake Gilbert alitoa fedha yake kuinunua kwa mpita njia.

Wapo wenzangu wanaosema filamu ni bora kwa kuwa inaliza watu. Mimi nasema filamu imenitia moyo, bali kitabu kimenionyesha kazi yenyewe. Taa ile moja imenifaa zaidi, kwa sababu hata mimi naweza kuanza na jambo dogo kama hilo.

Liko jambo jingine lililonikosesha usingizi. Kamkwamba hakukijua sana Kiingereza. Alitazama michoro kwanza, kisha akatafuta maneno yaliyoieleza. Je, laiti kijana mmoja wa Wimbe angaliichana michoro ile, akaificha chini ya godoro? Kitabu kingekuwapo rafuni, mlango ungekuwa wazi, na William angerudi nyumbani mikono mitupu. Wala yule mchanaji asingejua alichoharibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka masikio yaliyozibwa.

Mjomba wangu anayo nakala ya kitabu cha Bwana Msa. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula nilizinakili kurasa zile sita kwa mkono wangu, nikazibandika kwa gundi, nikaenda kwa mwalimu wa maktaba na kumweleza yote. Hakunigombeza. Alinipa orodha ya vitabu vilivyochanwa, akasema, "Umeanza vizuri. Endelea."

Kufuli lingali mlangoni, nami siombi liondolewe leo. Naomba tulistahilie kuondolewa. Kila kidato kichague watu wawili wa kuvitia vitabu majalada ya karatasi ya kaki na kubandika kurasa zilizolegea. Anayeazima asimpe mwingine bila ya jina lake kuandikwa daftarini. Tukifanya hivyo muhula mzima, naamini walimu wetu wataongeza siku za kufungua. Na wazazi wenye vitabu vya zamani nyumbani wanaweza kutusaidia kama mjomba alivyonisaidia mimi, ijapokuwa kwa kutuazima tu.

Kitabu cha Bwana Msa kimekwisha azimwa tena. Juzi nilimwona yule wa kidato cha kwanza chini ya mwembe, amefika katika mwandiko wangu. Nilimsalimu, hakuitika; nami sikuudhika.

Ndugu yangu uliye na ukurasa chini ya godoro lako, urudishe. Yuko anayeungoja.