Anza chini, lakini kwa nani?

Bumu lilipochelewa, shangazi yangu wa Mbagala Rangi Tatu aliniita. "Mwanangu, hii TV ya marehemu babu yako ichukue ukaiuze huko mtandaoni. Wewe upate nauli, na mimi nipate hela ya mboga." Ni Sony Trinitron ya inchi 21, TV ya chogo, nzito balaa. Babu aliinunua 1998 ili aangalie Kombe la Dunia, na rangi zake bado zinang'aa.

Nikaiweka mnadani kwenye kundi letu la WhatsApp. Washkaji wakanipa ushauri uleule wa kila siku: "Anza chini, kaka, watu watapanda wenyewe." Nikaanza na elfu mbili. Saa tatu usiku nikafunga kwa elfu saba. Waliotaja bei walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa anatania. Bajaji ya kuitoa Mbagala peke yake ilinila elfu kumi.

Ushauri ule si uongo, ila ni nusu ya ukweli. Kwenye eBay, wanakopita watu wengi, bei ndogo ya kuanzia inavuta umati. Mtu akishataja bei mara mbili tatu anaanza kukiona kitu ni chake, hataki kunyang'anywa. Anayekuja nyuma akikuta wanagombea, anaamini kina thamani. Gillian Ku na wenzake walichapisha utafiti wa jambo hili 2006. Lakini humohumo wanaonyesha upande wa pili: bidhaa ikiandikwa jina vibaya, wanunuzi wakashindwa kuiona, kuanza chini kunaishia chini. Dawa ni umati, siyo elfu mbili.

Sasa TV ya chogo hapa Dar ina umati gani? Tangu analojia izimwe jijini 31 Desemba 2012, wengi wanaiona mzigo tu, hata kama ukiifunga king'amuzi inaonyesha vizuri. Wanaoitaka kweli wapo, ila wachache: fundi anayesaka vipuri, mtu wa kushuti video anayetaka sebule ya kizamani, mpenzi wa gemu za zamani (ile bunduki ya Nintendo haifanyi kazi kwenye flati). Hao hawamo kwenye kundi la wanachuo wanaosubiri bumu. Watafute kwanza, waingize mnadani, ndipo uanze chini. Ukiwakosa, anza na bei ambayo hata akija mmoja tu hutaumia.

Najua mtaniambia, "Ukianza juu hutapata mtu." Sawa, irudi sebuleni. TV haili ugali.

Aliyeshinda nilimpa mzigo wake; nilishasema imeuzwa, ningegeuka vipi? Shangazi nilimwambia imeenda kwa elfu ishirini. Ya kujazia nilikopa kwa mwenzangu wa chumba, na mpaka naandika hapa bado ananidai.