Gunia Lina Namba Yake, Simu Haina

Bati la Bisie, katika msitu wa Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, limo katika ruta na simu za dunia nzima, kwa kuwa karibu nusu ya bati duniani hutumika kulehemu. Mwaka 2024 kampuni ya Alphamin ilizalisha hapo zaidi ya tani 17,000, takriban asilimia 6 ya bati lote lililochimbwa duniani. Lakini mkazi wa Walikale au wa Masisi jirani anapoingia intaneti kwa simu, kwa kawaida huazimwa anwani anayoitumia pamoja na wageni wengi asiowajua.

Chanzo ni uhaba wa anwani. IPv4, mfumo wa anwani za intaneti wa mwaka 1981, una anwani bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayoigawia Afrika anwani hizo, tangu Januari 2020 haimpi mwombaji zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Inauma zaidi kwamba ukaguzi wa taasisi hiyo yenyewe ulithibitisha kuwa mamilioni ya anwani za bara hili yalichukuliwa kwa hila.

Ndipo kampuni za simu huwarundika wateja nyuma ya anwani moja. Mmoja akituma barua taka, tovuti huifungia anwani hiyo, na wasio na hatia hufungiwa naye. Mpelelezi anayemsaka tapeli wa pesa za simu hafiki popote kwa anwani pekee, mpaka kampuni iwe imehifadhi kumbukumbu za kila muunganisho. Hata gunia la kasiterite, yaani madini ya bati, lililo chini ya iTSCi, mpango wa kufuatilia asili ya madini, hufungwa lebo yenye namba yake. Simu ya mchimbaji aliyelijaza haina namba ya peke yake mtandaoni.

IPv6, mfumo mpya uliochapishwa mwaka 1998, una anwani ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39. Kila kifaa hupata yake, na fundi aliye Goma anaweza kuikagua antena ya Walikale moja kwa moja. Gharama ipo: mifumo miwili huendeshwa sambamba kwa miaka, na ulinzi lazima upangwe upya, maana kifaa kinachofikika kinaweza pia kushambuliwa. India imeubeba mzigo huo, na leo watumiaji wake wengi wako kwenye IPv6.

Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyopata leseni Congo Mei 2025, huwapa wateja wake IPv6. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ifanye hilo kuwa sharti la leseni kwa kampuni zote za simu, itaje tarehe, na minara ya Walikale na Masisi ihesabiwe tangu awamu ya kwanza.