Jioni ya Dar es Salaam Haihitaji Flashi

Upigaji picha wa ridhaa, yaani ule unaofanywa kwa mapenzi na si kwa malipo, umezoeleka kuhusishwa na safari ndefu za Serengeti na Ngorongoro, kana kwamba mkazi wa Kinondoni au Temeke anayenunua kamera yake ya kwanza hana cha kupiga karibu na nyumbani isipokuwa harusi na maghorofa. Msimamo wa safu hii ni kinyume chake. Kamera za sasa, ambazo maendeleo yake makubwa yamo katika kukusanya mwanga mdogo, zinawafaa mno viumbe wa pembezoni mwa jiji, kwa kuwa wengi wao huonekana jua linapoelekea kuzama au likishazama. Na anayetaka kuwafaidi hana budi kuijua jioni ya mji wake kabla ya kufikiria flashi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za kandokando ya Kilimanjaro, akazitoa mwaka 1905 katika kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse. Njia yake ilikuwa ya kuushinda usiku kwa nguvu, kwani alihitaji wapagazi wa kubeba mitambo, mnyama wa kufugwa aliyefungwa awe chambo, na unga wa magnesi uliolipuka ili kummulika simba aliyekuja kula. Zaidi ya nusu karne baadaye Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, aliingia katika fani hiyo angali mwanafunzi kwa kutumia Box Brownie, kamera ya kisanduku yenye lenzi sahili iliyotegemea jua la kutosha. Leo mwanafunzi mwenye kamera ya kawaida anaweza kupata kwa utulivu picha ambayo Schillings aliipata kwa mlipuko, mradi aelewe mambo matatu yanayotegemeana.

La kwanza ni upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa kwa herufi f na namba ambayo kadiri inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka: lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, aghalabu huishia f/5.6, ilhali lenzi isiyovutika ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. La pili ni muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, hubaki wazi. Yangeyange anayeruka kurudi kulala huhitaji takriban sehemu moja ya 1,000 ya sekunde ili mabawa yake yaonekane bayana, lakini mkoko uliotulia unaweza kupigwa kwa sekunde nzima endapo kamera imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu. La tatu ni ISO, kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga ilioupokea, ambacho kikipandishwa kutoka 100 hadi 6400 picha hung'aa mara 64, ila huingiwa na chenga katika sehemu za giza. Anayeanza huziogopa chenga kupita kiasi, ingawa hupunguzwa kwa programu ya kuhariri, huku picha iliyotikisika ikiwa haina dawa.

Ufundi huo hautoshi bila ratiba. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya nchi ambako jua la kiangazi huzama kwa mshazari na kuacha mwangaza mrefu. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima, na dakika 20 na kitu baada ya machweo mwangaza wa kufanyia kazi umekwisha. Faida yake ni kwamba machweo hayahamihami, kwani mwaka mzima huangukia kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, hivyo mpigapicha wa Kunduchi au Mtoni Kijichi aweza kufika mapema na kupanga kila kitu. Ratiba ya pili ni ya bahari: siku za bamvua, zinazofuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hujaa alasiri, na machweo huyakuta yakipwa na kuanza kuacha tope na mizizi ya michu (aina ya mikoko) wazi, mahali ambapo vitwitwi waliohama kutoka kaskazini ya dunia hutafuta chakula.

Hoja ya kuachana na flashi ina uzito zaidi katika Pori la Akiba Pande, lililomo katika eneo lililokuwa la Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya. Humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi anayepatikana Tanzania pekee, katika vipande vichache vya misitu ya pwani. Ndani ya macho ya komba, upande wa nyuma, kuna tabaka linalorudisha mwanga ili utumike mara ya pili, na jicho lililoumbwa hivyo mmweko wa ghafla unaweza kulipumbaza wakati mnyama anaruka kutoka tawi hadi tawi. Tochi hafifu iliyofunikwa plastiki nyekundu, pamoja na ISO ya juu, ni adabu na ni ufundi.

Adabu hiyo inahusu pia watu na sheria: Pande huingiwa kwa kibali, mikoko ni hifadhi ya serikali, maeneo ya kijeshi hayapigwi picha, na ufukweni usiku hakuendwi peke yako. Hata hivyo, mamlaka za wanyamapori na misitu zingefanya jambo la maana kwa kuwatengea wapigapicha wa ridhaa jioni maalumu zenye mwongozaji, kwa sharti kwamba kila picha iandikwe tarehe na mahali na nakala ibaki kwao. Jiji linalopanuka kuelekea Mabwepande na Mbagala linahitaji kumbukumbu za namna hiyo, na wanaoweza kuzikusanya kwa gharama ndogo ni wakazi wenye kamera ambao tayari wanaishi jirani na misitu hiyo.