Friza ya biashara nyumbani: Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua

Katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Chamazi, Tegeta na Bunju, ni kawaida kukuta kipande cha boksi kimening'inizwa mlangoni kikisema "Barafu zipo" au "Maji baridi". Biashara ya friza nyumbani imekuwa kimbilio la familia nyingi za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mama huuza barafu za ubuyu na juisi, kijana huhifadhi samaki aliowanunua Feri alfajiri, na mfugaji hugandisha kuku aliowachinja akisubiri wateja wa mwisho wa wiki.

Wengi huingia katika biashara hii kwa kuuliza swali moja tu: friza inauzwa shilingi ngapi? Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini umeme hulipwa kila mwezi kwa miaka yote friza itakayokuwa inafanya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupiga hesabu hiyo, na kwa nini friza moja inaweza kuzifanya hata taa na televisheni ya nyumba nzima kuwa ghali.

Mashine inayohamisha joto

Tuanze na namna friza inavyofanya kazi. Friza haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje kwa msaada wa kompresa na gesi inayozunguka kwenye mabomba. Ndiyo maana ukigusa mgongo au ubavu wa friza unakuta pana joto. Wataalamu huita mashine ya namna hii pampu ya joto.

Katika nchi za baridi kama Norway na Sweden, pampu hiyo hiyo hugeuzwa: huchukua joto lililoko nje na kuliingiza ndani ya nyumba. Wanaipenda kwa sababu kuhamisha joto ni rahisi kuliko kulitengeneza. Hita ya kawaida ikitumia uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti moja, wakati pampu nzuri kwa uniti hiyo moja inaweza kuhamisha joto la uniti tatu.

Kwetu Dar es Salaam hatuhitaji kupasha nyumba joto, lakini kanuni ni ile ile. Pampu hutumia umeme mdogo pale inapohamisha joto kidogo, na kulitupa mahali penye ubaridi na hewa. Ukiiweka friza kwenye chumba kidogo chenye bati la moto, au ukaibana na ukuta, kompresa haitapumzika.

Hesabu ya LUKU

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yaani daraja la D1, hulipa sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada ni sh. 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, daraja la T1, hulipa sh. 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, bei hizo zinakuwa sh. 122, sh. 427 na sh. 356. Angalia risiti yako ya LUKU. Kama sh. 1,000 inakupa uniti zaidi ya nane, uko D1. Kama inakupa uniti mbili na ushee, uko T1.

Chukua mfano wa familia ya Chamazi iliyoko D1 na inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, televisheni, feni na pasi. Inalipa sh. 7,320. Inanunua friza ya wastani inayotumia uniti 1.5 kwa siku, sawa na uniti 45 kwa mwezi. Matumizi ya nyumba yanafika uniti 105.

Mwezi wa kwanza familia italipa sh. 9,150 kwa uniti 75 za mwanzo na sh. 12,810 kwa uniti 30 zilizozidi, jumla sh. 21,960. Mambo hayaishii hapo. Mteja anayezidi uniti 75 mfululizo huhamishiwa T1, na huko uniti zote 105 zinalipiwa sh. 356. Jumla inakuwa sh. 37,380.

Friza, basi, imeongeza gharama ya sh. 30,060 kwa mwezi kwa uniti 45 tu. Ukigawanya, kila uniti ya friza imeigharimu familia hiyo sh. 668, karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa. Sababu ni kwamba pamoja na umeme wa friza, familia sasa inalipa bei ya juu kwa taa na feni zile zile ilizokuwa nazo.

Tuiweke kwa lugha ya biashara. Tuseme kila barafu inakuachia sh. 40 baada ya kutoa sukari, ubuyu, maji na vifuko. Itakubidi uuze barafu 752 kwa mwezi, karibu 25 kila siku bila kukosa, ili kulipia umeme pekee. Faida yako inaanza na barafu ya 26. Msimu wa mvua za masika, wateja wanapopungua, wapo watakaofanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya LUKU.

Mita ya pili inalipa?

Njia mojawapo ni kutenganisha nyumba na biashara kwa kuomba mita ya pili TANESCO. Nyumba ikibaki D1 kwa uniti 60 italipa sh. 7,320, na friza ikiwa T1 kwa uniti 45 italipa sh. 16,020. Jumla ni sh. 23,340 badala ya sh. 37,380. Akiba ni sh. 14,040 kwa mwezi.

Kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kulipangiwa sh. 320,960 mwaka 2022. Kwa akiba ile, fedha hiyo inarudi baada ya miezi 23 hivi, bila kuhesabu waya na malipo ya fundi. Kwa mwenye friza moja anayejaribu biashara, haraka haihitajiki. Kwa mwenye friza mbili au anayekusudia kukaa miaka mingi, ni jambo la kulifikiria. Ulizia kwanza ofisi ya TANESCO ya wilaya yako kama nyumba yako inakubalika kuwa na mita mbili. Kumbuka pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo hakikisha mita ya pili haikatwi kodi ya jengo lile lile mara ya pili.

Wapangaji wanaochangia mita moja wana hesabu tofauti. Nyumba ya vyumba sita au nane mara nyingi iko T1 tayari, kwa hiyo friza yenye uniti 45 itaongeza sh. 16,020 basi. Mkigawana bili kwa usawa, wenzako ndio wanaokulipia biashara, na ugomvi utafuata. Mkikukadiria kiwango kikubwa bila kipimo, wewe ndiye unayewalipia. Kuna mita ndogo za kupimia ambazo fundi umeme anaweza kuziweka kwenye waya wa chumba chako, na zinamaliza ubishi huo.

Friza kuukuu, bei rahisi?

Friza iliyotumika huvutia kwa bei. Lakini friza kuukuu yenye kompresa iliyochoka na mpira wa mlango uliolegea inaweza kutumia uniti tatu kwa siku badala ya moja na nusu. Kwa bei ya T1, tofauti hiyo ya uniti 45 kwa mwezi ni sh. 16,020, au sh. 192,240 kwa mwaka. Kwa hiyo kama ile kuukuu ilikuwa rahisi kwa sh. 200,000, unafuu wote umekwisha baada ya mwaka mmoja na ushee. Kuanzia hapo unalipa zaidi ya aliyenunua nzuri.

Uliza pia aina ya gesi, ambayo huandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Friza za zamani sana zilitumia gesi ya R-12, ambayo chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia ifikapo mwaka 2010. Ikivuja, kujaza tena ni shida. Siku hizi friza nyingi hutumia R-134a au R-600a.

Kabla ya kumlipa muuzaji, mwombe aiwashe na uifunge mlangoni karatasi. Ukiivuta ikatoka bila kukwama, mpira umekwisha. Baada ya kuifikisha nyumbani, zima vifaa vingine vyote kwa usiku mmoja, soma uniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kulala na uzisome tena asubuhi. Kwa saa kumi tu utajua friza yako inakula kiasi gani.

Kupunguza bili bila kuongeza mtaji

Yapo mambo yasiyohitaji fedha. Weka friza kivulini, mbali na jiko, na uiache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Usiingize juisi au uji wa ubuyu ukiwa wa moto. Uache upoe kwanza. Ondoa ganda la barafu ukutani kabla halijawa nene, maana linazuia joto kutoka. Weka bidhaa za kuuza kwa siku hiyo kwenye kikasha cha kutunzia baridi, ili friza isifunguliwe kwa kila mtoto anayekuja na sarafu.

Friza iliyojaa ni salama kuliko iliyo tupu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kutunza ugando kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Wauza samaki waliopitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kukumbushwa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, na bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115, lakini waya kukatika au transfoma kuungua mtaani ni jambo jingine. Chupa za maji zilizogandishwa zijazwe kwenye nafasi iliyo wazi.

Kwa wafugaji wa vifaranga

Mtego wa uniti 75 unamgusa pia anayelea vifaranga kwa umeme. Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti sita kwa siku. Kwa siku 14 ni uniti 84, sawa na sh. 29,904 kwa bei ya T1. Hapa umeme unatengeneza joto, hauhamishi, na ndiyo maana ni ghali. Akiba iko katika kulizuia joto lisipotee: zungushia hadibodi, tandaza maranda ya kutosha, funika juu kwa nafasi ya hewa, na katika miezi ya joto zima balbu mchana ukiwaangalia vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya balbu wana baridi. Wakikimbilia pembeni wamezidiwa joto. Ukizima saa 12 kwa siku, gharama inashuka hadi sh. 14,952. Anayetumia jiko la mkaa ahakikishe hewa inapita, kwani moshi wake huua vifaranga na watu.

Ndugu msomaji, friza bado ni biashara nzuri kwa mwenye wateja wa uhakika. Kabla hujakopa kwenye VICOBA kuinunua, andika namba nne kwenye daftari: uniti za nyumba yako kwa mwezi, uniti za friza, daraja ulilopo, na faida ya bidhaa moja. Kama namba hizo zinaonyesha utauza barafu 25 kila siku kwa ajili ya umeme na mtaa wako unanunua 30, subiri kwanza. Kama mtaa unanunua 100, endelea.