Ujira, sadaka na deni: somo la misitu ya Ntakata

Ndugu msomaji, mama anayewasha jiko la mkaa pale Mpanda mjini huenda asidhani kwamba gunia lile lina uhusiano na mikataba inayotiwa saini ughaibuni. Uhusiano upo, tena wa karibu.

Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinahifadhi misitu ya milima ya Ntakata na kufanya biashara ya hewa ukaa. Kinachouzwa ni ile hewa iliyobaki ndani ya miti, ambayo ingepanda angani lau msitu ungefyekwa. Mapato yake yamejenga madarasa na zahanati. Hii ni neema, na yastahiki kushukuriwa. Lakini shukrani isituchanganyie mambo matatu: ujira, sadaka na deni.

Fedha ya Ntakata ni ujira. Wanakijiji wamelinda msitu na kujinyima mashamba mapya, naye mnunuzi amelipa. Si sadaka, basi hakuna haja ya kuipokea kwa unyonge.

Wala si malipo ya deni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 1992 ulitamka kuwa wajibu ni wa mataifa yote, ila mizigo hailingani: nchi tajiri zitangulie kuubeba. Tanzania, iliyoridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, imeishikilia kauli hiyo pamoja na nchi nyingine za Afrika. Na tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba taifa linalokiuka wajibu wake wa kulinda tabianchi laweza kudaiwa fidia. Mwenye kiwanda akinunua hewa ya Ntakata huku akiendelea kufukiza moshi, deni la taifa lake halijafutika.

Hata hivyo, mdai haki huanzia nyumbani kwake. Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Lakini kanuni ni uzio tu. Mlinzi ni mkutano mkuu wa kijiji. Mkataba unaogusa ardhi atakayoirithi mtoto asiyezaliwa bado haufai kujulikana na viongozi wachache. Usomwe mbele ya wanaume na wanawake, na hesabu zibandikwe hadharani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Vipi basi Muislamu atie dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa?

Enyi wazazi, mkutano ukiitishwa, nendeni wote wawili, baba na mama. Msitu ni amana, na thamani yake nayo ni amana.

Wabillahi tawfiq.